Sambusa ya mboga: tatizo ni mafuta

Jioni yoyote katika steji za matatu mjini Thika na Ruiru utawakuta wachuuzi wakiwa na ndoo za plastiki zilizojaa sambusa. Abiria aliyeshinda kazini bila chakula cha maana hununua mbili au tatu akazila garini. Baadhi huchagua za mboga, wakiamini kwamba kwa kuwa hazina nyama haziwezi kuwadhuru.

Imani hiyo naisikia mara kwa mara kutoka kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari. "Daktari, nyama niliacha, nala za mboga tu," huniambia. Nami huwauliza: mafuta yaliyozikaanga yalikuwa yametumika mara ngapi? Hakuna ajuaye.

Yafaa ieleweke kwamba gramu moja ya mafuta ina kalori 9, sambusa iwe ya ndengu au ya nyama. Tena, mafuta yanayokaangiwa siku nenda siku rudi huharibika. Huwa meusi na mazito, hutoa povu na harufu kali, na vitu vinavyotokea humo havifai moyo wala mishipa ya damu.

Siwalaumu wachuuzi. Mafuta ni ghali, hata hapa Thika penye kiwanda cha Bidco, na mtu akiyamwaga kila jioni atapata faida gani? Lakini mlaji ana hiari. Kwa maoni yangu, sambusa haifai kupigwa marufuku. Yafaa irudishwe jikoni kwetu.

La kufurahisha ni kwamba mambo yanayoifanya sambusa ikauke na kulia inapotafunwa ndiyo pia huizuia kunywa mafuta.

Kwanza, mboga ziwe kavu. Chemsha ndengu ziive bila kupondeka, uzichuje, kisha uzikaange kidogo pamoja na kitunguu, karoti na dhania hadi maji yaishe. Ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga, kwani mvuke hulainisha unga. Chumvi iwe haba. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote.

Pili, manda, yaani vipande vya unga vya kufungia, ziwe nyembamba. Funga pembe zote kwa uji mzito wa unga wa ngano, pasibaki tundu la kupitisha mafuta.

Tatu, mafuta yawe na moto wa kadiri. Tumbukiza kipande kidogo cha unga: kikipanda juu na mapovu bila kuungua upesi, anza. Mafuta baridi huingia ndani ya sambusa. Yakitoa moshi, yamepita kiasi. Kaanga tatu au nne kwa sufuria ndogo, ili usihitaji mafuta mengi. Zikiiva, zisimamishe kwenye chujio. Ukizifunika zikiwa moto zitalegea, kama zile za ndooni.

Mafuta yaliyobaki yachuje, uyatumie mara moja au mbili zaidi, na usiyachanganye na mapya. Yakigeuka rangi au harufu, yatupe.

Hata hizo za nyumbani zisiwe chakula cha kila siku. Mbili pamoja na kachumbari zamtosha mtu mzima. Jumapili hii jaribu kuzipika na watoto wako, nao wajue mapema kilichomo ndani ya chakula wanachokipenda.