Ua Letu na Majina ya Wageni



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme machache juu ya ua moja la mkoa huu wa Tanga. Ughaibuni watu hulitunza vyunguni madirishani. Sisi wenyewe twalipita bila kulitazama.

Ua hilo ni dogo, la rangi ya urujuani, na majani yake yana manyoya. Huota kivulini, katika miamba yenye unyevu ya Usambara. Zamani za Wadachi, mtawala wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni ukoo wa bwana yule. La pili latokana na Kiyunani, maana yake “lenye maua kama vayoleti”, nayo vayoleti ni mmea mwingine kabisa. Katika maneno hayo mawili, Usambara haimo.

Baadaye wataalamu walilihamisha, sasa ni Streptocarpus ionanthus. Streptocarpus maana yake “tunda lililojisokota”. Kumbe tunda la ua letu halijisokoti!

Wenzangu wengine wasema majina ya watawala yafutwe yote. Mimi sikubali. Jina la kitaalamu lina kazi yake: mtu wa Tanga na mtu wa Japani wapate kuelewana. Lakini liko jambo lililonitia aibu. Likizo iliyopita nilimtajia bibi yangu, karibu na Amani, jina hilo kwa majivuno. Akacheka, akanipeleka mtoni. “Mjukuu wangu, ulikuwa ukilikanyaga kila ulipokuja kuteka maji.” Akanionyesha na miamba ambayo limetoweka tangu miti ilipokatwa. Hayo hayamo katika daftari langu la Biolojia.

Basi rai yangu ni hii. Kila mwanafunzi aendapo likizo awaulize wazee jina la mmea mmoja na habari zake. Katika bustani ya shule tuweke vibao: jina la wazee juu, la wataalamu chini. Kwani kivuli cha msitu kikiisha, ua litabaki vyunguni ughaibuni, nasi tutabakiwa na jina tu, tena la kuazima.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne