Wadi ya watoto yahitaji kalamu pia

Ukipata nafasi ya kumjulia hali mtoto aliyelazwa hospitalini, tazama yale wanayoyafanya watoto walio vitandani baina ya ziara ya daktari asubuhi na saa ya wageni. Wengi hawafanyi lolote. Hulala chali wakitazama dari, huhesabu matone yanayoshuka kwenye mpira wa dripu, au husikiliza kilio cha mwenzao anayetolewa damu nyuma ya pazia. Runinga, kama ipo, huwa imefunguliwa kwa ajili ya watu wazima. Na yule mtoto aliyetulia tuli ndiye anayesifiwa kuwa mgonjwa mzuri.

Utulivu huo usituhadae. Kimya cha mtoto mgonjwa mara nyingi ni hofu iliyokosa maneno. Ndiyo maana napendekeza jambo moja lisilo na gharama kubwa: kila wadi ya watoto, na kila kliniki ya watoto wenye maradhi ya kudumu kama vile kisukari, kifafa na selimundu, itenge saa moja kwa juma ili watoto watunge kitabu kimoja cha hadithi kwa pamoja.

Huenda ukauliza, hadithi na tiba zinahusiana vipi? Wataalamu wa makuzi ya watoto wamejua kwa miaka mingi kwamba mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka saba, huweza kuamini kuwa ugonjwa ni adhabu. Aliambiwa asicheze kwenye mvua, akacheza, akaugua. Kwake yeye hesabu hiyo imekamilika. Mtoto mwenye fikira hiyo huona sindano kuwa kiboko. Hawezi kuuliza atapona lini, kwa kuwa anadhani jibu linategemea iwapo amesamehewa. Ukimwuliza ana kwa ana, "Unaogopa nini?" atainua mabega na kugeukia ukuta. Lakini mwulize Kobe wa katika hadithi anaogopa nini, utashangaa.

Chukua mfano. Watoto sita wameketi kuzunguka meza, au wamesogezewa vitanda karibu. Wamekubaliana kwamba hadithi yao itamhusu Kobe aliyevunjika gamba. Wa kwanza anasema Kobe alipelekwa hospitalini kwa mkokoteni. Wa pili anasema gamba lilivunjika kwa sababu Kobe aliiba ndizi za mama. Hapo hapo muuguzi aliye karibu amepata habari ambayo haimo katika faili lolote. Hahitaji kutoa hotuba. Atasubiri zamu yake katika hadithi, kisha aseme kwamba daktari alimchunguza Kobe, akamwambia gamba halivunjiki kwa sababu ya ndizi. Lilivunjika kwa kuwa aliteleza kwenye jiwe. Mtoto yule amejibiwa bila kuaibishwa mbele ya wenzake, na huenda wapo wengine wawili waliokuwa na dhana iyo hiyo nao wamejibiwa.

Hii ndiyo faida ya kitabu cha pamoja kuliko daftari la mtoto mmoja. Anayeandika peke yake hubaki na hofu yake. Anayeandika na wenzake hugundua kwamba yule mkubwa wa kitanda cha dirishani, anayejifanya hodari, naye hufumba macho akiona sindano. Umoja ni nguvu, na hata hofu hupungua uzito ikibebwa na wengi.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1978, daktari wa watoto David Morley na mwalimu Hugh Hawes walianzisha mjini London mpango wa Child-to-Child, ambao msingi wake ni kwamba mtoto anaweza kuwa mshiriki wa afya yake na ya wenzake, wala si mpokeaji tu. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, na vitabu vya hadithi za afya vilikuwa miongoni mwa zana zake. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, mashirika ya misaada ya kimataifa yalitoa kitabu cha watoto kiitwacho My Hero is You. Kabla ya Helen Patuck kukiandika na kukichora, zaidi ya watoto, wazazi, walezi na walimu 1,700 kutoka nchi 104 walieleza jinsi walivyokuwa wakikabiliana na janga hilo. Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Ikiwa watoto walishauriwa wakati dunia nzima ilikuwa na hofu, mbona tusiwashauri walio katika wadi zetu?

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Chukua karatasi nne nyeupe, zikunje katikati, utapata kurasa 16. Ongeza kipande cha katoni kiwe jalada, kisha shona mkunjo kwa uzi na sindano. Usitumie pini, kwa sababu zitawachoma watoto wadogo. Kila mtoto apewe penseli na kalamu zake za rangi, zisipitishwe mkono kwa mkono wala kutiwa mdomoni, na mikono ioshwe kabla na baada. Mtoto mwenye surua, tetekuwanga au ugonjwa mwingine wa kuambukiza asijumuishwe mezani. Atume mchango wake kwa mdomo kupitia kwa muuguzi, nao uandikwe pamoja na ya wengine.

Watoto watano hadi wanane wanatosha. Kwanza wachague mhusika mmoja, na heri awe mnyama au kitu, asiwe mtoto yeyote aliye wadini. Kisha waamue shida yake. Baadaye kila mmoja apewe ukurasa wake wa kuchora na kusema. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtu mzima, neno kwa neno kama alivyotamka. Anayesema kwa lugha ya nyumbani au kwa Sheng asikatizwe. Hapa si darasani, na wala hakuna alama zinazotolewa.

Kosa kubwa ambalo sisi watu wazima hufanya ni kuitia hadithi sukari. Mtoto mmoja akisema Kobe alilia usiku kucha na mama yake hakuja, tunakimbilia kumsahihisha, "La, mama alikuja!" Mwache. Mwulize Kobe alifanya nini usiku huo, na nani alimsikia. Hata mtoto akisema Kobe alikufa, usifute. Watoto wa wadini huona kitanda kilichoachwa wazi asubuhi, nao wanajua zaidi ya tunavyodhani. Waulize wenzake wanafikiri nini kifuate. Mwisho mwema ukitoka kwao utawafaa. Tukiwalazimisha, watajifunza tu kwamba hata katika hadithi hawaruhusiwi kusema kweli.

Kuna mipaka ya kuzingatiwa. Asilazimishwe mtoto yeyote kushiriki wala kueleza ugonjwa wake. Majina kamili, picha za nyuso na aina ya ugonjwa visiingie kitabuni, hasa pale ambapo watoto wanatumia dawa za Virusi vya Ukimwi na baadhi yao hawajaelezwa hali yao. Siri ya mgonjwa ni siri hata akiwa na miaka sita. Na iwapo mchoro au maneno ya mtoto yataonyesha kwamba anadhulumiwa, jambo hilo lifikishwe mara moja kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, au ipigwe nambari 116 ya kuwasaidia watoto, isiyotozwa malipo.

Wapo watakaosema kwamba hospitali zetu zimekosa dawa, glavu na vitanda, na kwamba muuguzi mmoja huhudumia watoto wengi kupita kiasi. Ni kweli, na sitaki muuguzi huyo aongezewe mzigo. Lakini wadini humo humo wamo kina mama wanaokaa na watoto wao kwa majuma kadhaa wakiwa hawana la kufanya. Mitaani wapo walimu waliostaafu, na vyuoni wapo wanafunzi wa ualimu. Hao, wakichunguzwa na kuidhinishwa na hospitali, wanaweza kusimamia saa hiyo moja. Tena mtoto aliyeelewa kwa nini anachomwa sindano hahitaji watu watatu wa kumshika. Muda huo nao una thamani.

Isitoshe, hili si suala la hisani. Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni kuhusu mambo yanayomhusu, na cha 31 kinampa haki ya kucheza. Haki hizo hazivuliwi mlangoni pamoja na viatu mtoto anapolazwa.

Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo msomaji, huna haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi. Mwone msimamizi wa wadi ya watoto katika hospitali iliyo karibu nawe, omba ruhusa, na upeleke karatasi, penseli na uzi. Kitabu kikikamilika kiache hapo wadini, kwani mtoto atakayelazwa kesho usiku, akiwa hamjui mtu, atahitaji kusomewa habari za Kobe aliyelala pale kabla yake.