Huzuni ya Mtoto si Upungufu wa Imani

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, nyumba nyingi hujaa furaha, na nyingine hufunikwa na kimya kizito. Ndani ya kimya hicho mara nyingi yumo kijana aliyejifungia chumbani, halali wala hali. Huambiwa aache uvivu na aswali. Swala ni nguzo ya dini, hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba maradhi yake ni upungufu wa imani ni kumdhulumu.

Ndugu Waislamu, Sura Yusuf inatueleza kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe hata nuru ya macho yake ikapotea. Nani atathubutu kusema Nabii yule alikosa imani? Naye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alifiwa na Bi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka huo ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Imepokewa pia kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba mdogo wake, Abu Umayr, alifiwa na kindege chake. Mtume (S.A.W.) alipomwona mtoto amenyong'onyea, alimwuliza habari za kindege hicho. Hakulidharau jambo lile, kwa kuwa kwa mtoto lilikuwa kubwa. Je, ni wangapi miongoni mwetu tunaouliza?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi 70, hao ni kumi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Majumbani, hata hivyo, tungali tunawapanga watoto wetu kwa kuwalinganisha na watoto wa jirani.

Wapo wanaodhani tiba ya nafsi ni jambo la kigeni. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kinachobainisha kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na vyote viwili huhitaji kutunzwa.

Basi mzazi akimwona mwanawe amejitenga, amekosa usingizi kwa majuma mawili, au anazungumzia kifo, asimcheke wala asimkaripie. Amsikilize, amwombee dua, na ampeleke hospitali bila kuchelewa. Dua na dawa havigombani. Shule nazo zimpe mwalimu wa ushauri nasaha muda na chumba cha faragha, naye atunze siri. Na ustadhi wa madrasa, kabla ya kuinua bakora, aulize kwanza kilichomsibu mtoto.

Watoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Allah (S.W.) awaponye vijana wetu na atupe sikio la kuwasikiliza. Amin.