Si kila kikohozi sugu ni TB

MAMA lishe mmoja wa Morogoro ninayemfahamu alifunga kibanda chake miezi sita akimeza dawa za kifua kikuu. Makohozi yalipimwa, vijidudu havikuonekana. Lakini kwa kuwa kikohozi kilikuwa cha muda mrefu na picha ya kifua ilikuwa na madoa, aliambiwa aanze dozi hivyo hivyo. Alipoimaliza kikohozi kilikuwa pale pale, na wateja walikuwa wamehamia kwa jirani. Nani ale wali kwa mwenye TB? Muda wote huo hakuna aliyemuuliza amepika kwa kuni miaka mingapi. Jibu lingekuwa 22.

Wapo wengi kama yeye. Wachoma mkaa, wakaushaji wa tumbaku na samaki, vijana wa mashine za kukoboa mpunga, wanakohoa mwaka mzima. Zahanati inawapa antibayotiki, wakirudi wanapewa nyingine, mara ya tatu wanaambiwa ni pumu au TB. Usiofikiriwa ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao wataalamu huuita COPD. Wengi hudhani ni wa wavuta sigara tu, kumbe moshi wa kuni na vumbi la kazini navyo huuleta. Utafiti wa vijijini hapa nchini uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watu wa miaka 35 na zaidi, ukakuta asilimia 17.5 wanao.

Simlaumu mganga wa zahanati. Nchi yetu ilijipanga kuitafuta TB na ikafanya vizuri. Mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977, akisaidia Dk. Karel Styblo, ulikuja kuwa mfano kwa Shirika la Afya Duniani. Hadubini zipo, mashine za GeneXpert zipo, dawa ni bure. Kwa COPD mganga huyo hana kitu mkononi.

Kipimo chake ni spairometa. Mgonjwa huvuta pumzi yote, kisha hupuliza kwa nguvu kwenye mrija mpaka hewa imwishie. Hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, husubiri kama dakika 15, hupuliza tena. Kama hewa ya sekunde ya kwanza bado haifikii asilimia 70 ya yote aliyopuliza, njia zimeziba. Mwenye pumu mara nyingi hufunguka baada ya dawa. Hakuna sindano wala damu.

Kuna na kundi jingine linaloumia kimya kimya. Ni waliougua TB kweli na wakapona, lakini ikawaachia makovu kwenye mapafu. Wakikohoa, picha inaonyesha makovu yale yale ya zamani, wanaambiwa TB imerudi. Dozi inaanza upya bila kijidudu hata kimoja kuonekana. Dawa ni za bure, ndiyo, lakini nauli si ya bure, na masika hayamsubiri mtu amalize dozi.

Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao na wa soko kutoka kwa watu hawa hawa. Naona ni haki yao sehemu ya fedha hizo inunue spairometa kwa kila hospitali ya wilaya, na mtumishi mmoja afundishwe kuitumia. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni vyema, ila aliyekwisha kuharibika mapafu hawezi kungoja mpaka hapo.

Nawe msomaji, kikohozi kikizidi wiki mbili nenda kapime TB kwanza, na ikionekana usiruke dawa hata siku moja. Lakini mweleze mganga kazi yako, unapikia nini, na umefanya hivyo miaka mingapi. Ukiambiwa uanze dozi, uliza kwa heshima: vijidudu vimeonekana? Kama havijaonekana, omba upewe rufaa ukapulize.

Mama lishe wetu alipuliza mwaka uliofuata, katika hospitali ya mkoa mwingine. Sasa ana dawa ya kuvuta kwa mdomo, na mafiga ameyahamishia nje, chini ya bati lisilo na kuta. Alikuwa na meza nne. Amerudisha mbili, mtaji wa nyingine bado anautafuta.