Umri wa Mawe, na Kaburi la Olduvai

Mwezi huu twataka kunena habari za mawe, na jinsi wenye elimu ya ardhi wajuavyo tabaka lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Labda mmoja atauliza, "Ni nani aliyekuwako akayaona?" Hakuna. Lakini mawe yenyewe hushuhudia, kwa mtu ajuaye kuyahoji.

Kanuni ya kwanza kila mama asiribaye sakafu aijua: udongo wa chini ulitangulia, wa juu uliwekwa baadaye. Nicolaus Steno aliieleza kwa kitabu mwaka 1669. Mchanga, matope na majivu ya milima ya moto hutua tabaka juu ya tabaka, na lililo chini ndilo la kale, isipokuwa ardhi imepinduliwa. Ya pili: kilichokata ni cha baadaye kuliko kilichokatwa. Shimo haliwezi kuitangulia ardhi lilimochimbwa. Na ya tatu: kokoto iliyomo ndani ya ukuta ilikuwako kabla ya ukuta. Mambo mepesi haya. Hata hivyo wakubwa wa elimu wamejikwaa kwayo, kama mtakavyoona.

Katika nchi ya Ngorongoro, Tanzania, liko korongo liitwalo Olduvai. Kuta zake zaonyesha matabaka waziwazi. Mdachi mmoja, Hans Reck, alifika huko mwaka 1913, akayahesabu matabaka matano, tangu la kwanza lililo chini hata la tano lililo juu. La tatu ni jekundu sana, halifichiki. Basi ndani ya tabaka la pili akaona mifupa ya mtu mzima, amekunjwa magoti. Bwana Reck akasema: mtu huyu ni wa kale kama tabaka lenyewe. Wengi wakabisha, wakisema ni maiti aliyezikwa tu. (Na kwa kweli, ni nani afaye porini akajikunja hivyo?)

Mwaka 1931 akarudi pamoja na Louis Leakey, mwana wa wamisionari wa Kabete, Kenya. Bwana Leakey naye kwanza alikuwa na shaka. Alipopaona mahali penyewe akasadiki, wakatangaza hivyo. Ugomvi ukazidi, kwa maana kama ni kweli, basi watu wenye umbo kama letu walikuwako zamani mno, pamoja na wanyama waliokwisha kutoweka.

Lililokata shauri si mifupa, bali udongo ulioizunguka. P. G. H. Boswell wa London aliuchungua, akakuta ndani yake vijiwe vyekundu kama vya tabaka la tatu, na vipande vya chokaa kama vya tabaka la tano. Fikirini: tabaka la pili lilipokuwa likitua, la tatu lilikuwa halijakuwako bado, vijiwe vyake vingetoka wapi? Havikuweza kuingia ila kwa shimo, nalo lilichimbwa na kufukiwa wakati tabaka jekundu lilipokuwa limekwisha kuwako.

Mwaka 1933 Bwana Reck na Bwana Leakey wakatia sahihi barua pamoja na wenzao, ikachapwa katika gazeti la Nature, wakikubali kwamba mtu yule alizikwa katika tabaka la pili, wala hakuishi katika siku zake.