Taji la Timu Lastahiki Heshima Kuu

Katika mashindano ya magari ya dunia kuna siku moja ambayo thamani yake haipimwi kwa mwendo wa gari wala kwa urefu wa njia, nayo ni siku ya mbio za kufungia mwaka, wakati timu mbili zilizozunguka bara baada ya bara zikihesabiana alama hufika mahali pa kufunga hesabu hali hazijaachana ila kwa tofauti ndogo mno. Aghalabu macho ya watu siku hiyo humfuata dereva atakayepanda jukwaani, na magazeti ya kesho yake hupambwa kwa sura yake. Lakini rai yangu, ambayo nataka kuithibitisha kwa hoja, ni kwamba taji lenye heshima kubwa zaidi siku hiyo ni lile lisilovaliwa na kichwa kimoja, yaani taji la timu, na kwamba sisi tuishio Juba, kama ndugu zetu wa Afrika Mashariki nzima, tuna haja kubwa ya kulielewa na kulitukuza.

Nianze na ushahidi wenye nasaba na ardhi yetu. Mwaka 2024 ubingwa wa dunia wa mbio za rali (WRC), ambao mbio za Safari za Kenya ni sehemu yake, ulifungwa nchini Japani, katika mikoa ya Aichi na Gifu. Hyundai iliingia huko ikiwa mbele ya Toyota kwa alama 15, na hata usiku wa Jumamosi dereva wake, Ott Tänak wa Estonia, alikuwa akiongoza mbio zote, hata ikadhaniwa kuwa jambo limekwisha. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 24 Novemba, Tänak alitoka nje ya njia na gari lake likaishia hapo. Ajali hiyo ilimvika taji la madereva mwenziwe wa timu ileile, Thierry Neuville wa Ubelgiji, kwa kuwa hakubaki tena mtu wa kushindana naye. Lakini ajali hiyohiyo iliyomtukuza mtu mmoja ilikuwa imekwisha kuitikisa nyumba nzima. Ilipofika hatua ya mwisho, baada ya miezi kumi ya safari, alama za timu mbili hizo zilikuwa sawasawa. Sébastien Ogier wa Toyota akaikata hatua hiyo kwa muda mfupi kuliko wote, mwenziwe Elfyn Evans akashinda mbio, na Toyota ikatwaa taji la timu kwa alama 561 dhidi ya 558.

Alama tatu! Mwenye haraka atasema zilipatikana Japani, kwa wepesi wa mguu wa Ogier. Mwenye insafu atarudi nyuma kuzitafuta zilikotoka, na katika kurudi kwake hatakosa kupita Naivasha, Kenya, kwenye mbio za Safari. Hapo, tarehe 28 hadi 31 Machi mwaka huohuo, katika vumbi la Kedong na mawe ya Soysambu, Kalle Rovanperä wa Ufini alishinda na Takamoto Katsuta wa Japani akawa wa pili, wote wawili wakiwa na magari ya Toyota. Rovanperä, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023, alikuwa ameamua mwaka 2024 asishiriki mbio zote, na kwa hiyo hakuwa na tamaa ya taji lake mwenyewe. Hata hivyo alishinda Kenya, Poland, Latvia na Chile, na kila alama aliyoichuma aliiweka katika hazina ya wenzake. Katsuta naye, ambaye jina lake halikutajwa miongoni mwa wanaowania ubingwa, alileta nafasi ya pili Naivasha na nafasi ya nne kwao Japani. Laiti vumbi la Kenya lingewanyima watu wawili hawa alama nne tu, sherehe ya Novemba ingefanywa na watu wengine.

Wiki mbili baada ya mbio za Japani, tarehe 8 Desemba, ulimwengu ulishuhudia jambo la namna hiyohiyo huko Abu Dhabi, katika mbio za langalanga za Formula 1. Taji la dereva lilikuwa limekwisha kuamuliwa huko Las Vegas, likaenda kwa Max Verstappen, na kwa hiyo ubingwa uliosalia kuamuliwa ulikuwa wa timu peke yake, kati ya McLaren iliyokuwa mbele kwa alama 21 na Ferrari iliyokuwa ikiifukuza. Kwenye kona ya kwanza gari la Oscar Piastri wa McLaren liligongwa, akaporomoka hadi nyuma ya msafara, na uongozi ule ulioonekana mkubwa ukawa umeegemea mabega ya mtu mmoja, Lando Norris. Wakati huo Charles Leclerc wa Ferrari, aliyeanza katika nafasi ya 19, alikuwa akipanda mmoja mmoja mpaka akawa wa tatu, na Carlos Sainz wa Ferrari akawa wa pili. Kama gari la Norris lingezima, au fundi mmoja angekosea kuikaza nati ya gurudumu katika zile sekunde zisizofika tatu za kubadili matairi, taji lingekwenda kwa Ferrari. Halikuzima, wala fundi hakukosea. Norris alishinda; Piastri, kwa subira ya mtu asiyekata tamaa, alirudi hadi nafasi ya kumi na kuongeza alama moja; na McLaren ikawa bingwa kwa alama 666 dhidi ya 652, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 1998.

Wala McLaren haikufika hapo kwa bahati njema ya siku moja. Mwezi Machi 2023, katika mbio za kwanza za mwaka huo huko Bahrain, gari lake moja liliharibika njiani na la pili likamaliza nyuma ya magari yote yaliyofika. Andrea Stella, mhandisi aliyekabidhiwa uongozi wa timu Desemba 2022, aliwapanga upya watu wa karakana na kulijenga gari upya sehemu baada ya sehemu. Na sisi tuliotazama kwa mbali tukaona katika mwaka mmoja na miezi tisa timu iliyokuwa mkiani ikiwa kileleni, hali madereva wake ni walewale wawili.

Afrika yetu nayo imewahi kuwa mahali pa hukumu kama hiyo. Tarehe 29 Desemba 1962, katika mji wa East London, Afrika Kusini, zilifungwa mbio za Formula 1 za mwaka huo, na mataji yote mawili, la dereva na la timu, yalikuwa hayajapata mwenyewe. Jim Clark wa Lotus aliongoza tangu mwanzo kwa umahiri uliowakatisha wengine tamaa; Graham Hill wa BRM alifuata nyuma, na nyuma yake ilifuata hatima ya kiwanda kizima, maana Sir Alfred Owen, mwenye mali, alikuwa ametangaza kwamba timu isipoleta ushindi mwaka huo ataifunga. Ikiwa imesalia mizunguko ipatayo ishirini, moshi ukaonekana nyuma ya gari la Clark: bolti moja ilikuwa imelegea na kudondoka, oili ikavuja, na dereva aliyekuwa hodari kuliko wote uwanjani akalazimika kusimama. Hill akashinda mbio, akapata taji lake, na BRM ikapata taji la timu. Haikuwapo taksiri ya Clark katika mkasa huo. Bolti ile iliwafundisha wote waliokuwapo kwamba hakuna kazi ndogo ndani ya timu, na kwamba mkono unaokaza chuma gizani usiku una sehemu yake kamili katika ushindi unaoonekana mchana.

Msomaji apendaye historia atastaajabu kujua kwamba ubingwa wa dunia wa WRC ulipoanzishwa mwaka 1973, Safari yetu ya Afrika Mashariki ikiwa miongoni mwa mbio zake za mwaka huo wa kwanza, haukuwa na taji la dereva hata kidogo. Taji lilikuwa la watengenezaji wa magari, na la kwanza likachukuliwa na Alpine-Renault ya Ufaransa. Madereva walingoja mpaka 1979 ndipo wakapata ubingwa wao kamili. Hivyo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliposhinda Safari ya 1973, na Joginder Singh wa Kenya aliposhinda ile ya 1974 na ile ya 1976, alama za ubingwa wa dunia walizovuna zilikwenda kwa viwanda vilivyounda magari yao. Formula 1 ilipita njia ya kinyume: ilianza na taji la dereva mwaka 1950, ikaongeza la timu mwaka 1958, nalo likachukuliwa na Vanwall ya Uingereza. Waliomtanguliza mmoja na waliowatanguliza wengi wote walifikia kukiri kwamba hesabu ya mwaka haikamiliki bila ya taji la timu.

Najua yuko atakayenipinga, na hoja zake si za kudharauliwa. Atasema kwamba moyo wa mwanadamu hupenda uso na jina, na kwamba mtoto hatundiki ukutani picha ya kiwanda. Tena ataongeza kwamba taji la timu ni taji la fedha, kwa kuwa mwenye mali nyingi hununua wahandisi wengi. Juu ya hoja ya kwanza, sikatai mapenzi ya watu kwa mashujaa, bali nasema shujaa hapungukiwi kwa kutajwa pamoja na waliombeba. Neuville ni bingwa wa haki, na heshima yake haiondoki kwa kukumbuka kwamba siku aliyovikwa taji ndiyo siku nyumba yake ilipokosa lake. Juu ya hoja ya pili, ni kweli kwamba mali ina nguvu, na ndiyo maana Formula 1 imeweka tangu 2021 kikomo cha matumizi ya kila timu. Lakini mali isiyo na mapatano haileti taji, na historia ya mbio imejaa matajiri walioondoka mikono mitupu.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Juba? Yanatuhusu sana. Sehemu kubwa ya vyakula na bidhaa za mji huu hufika kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami, juu ya malori yanayotoka Uganda, Kenya na hata bandari ya Mombasa. Lori likifika salama husifiwa dereva, ikiwa yuko hata wa kusifiwa. Utingo aliyelala chini ya tela kulinda mzigo, na fundi wa gereji ya kando ya njia aliyefungua gia kwa mwanga wa tochi, hawana anayewauliza majina. Mafundi hawa, ambao wengi wao walijifunza kwa kutazama na kujaribu, ndio wanaoiendesha nchi kwa mikono yao, na taifa lisilowaheshimu limejinyima alama zake lenyewe.

Wala Sudan Kusini haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa timu. Tarehe 20 Julai 2024, huko London, vijana wetu wa mpira wa kikapu waliwakabili Wamarekani wakashindwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Na siku nane baadaye, katika michezo ya Olimpiki ya Ufaransa, waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79, kwa jina la taifa lililopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Wengi wao walilelewa ugenini katika aila zilizokimbia vita, wakatoka katika jamii mbalimbali, na Luol Deng, aliyepata umaarufu wake Marekani, akautumia umaarufu huo kuwajengea wenzake shirikisho. Umma wa Juba ulipowashangilia haukuuliza mfungaji ni wa kabila gani.

Basi natoa nasaha zangu. Kwa waandaaji wa mbio za magari za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda: wekeni kombe la timu za mataifa, kila nchi ilete magari matatu na mawili bora yahesabiwe, na Sudan Kusini, iliyoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, ikaribishwe hata kama mwanzo itakuja na gari moja, maana Safari yenyewe, ilipoanza mwaka 1953, ilizikusanya Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia moja. Kwa wahariri: mtajapo dereva, mtajeni na mwelekezi wake na fundi wake mkuu. Kwa wenye mamlaka ya elimu: wapeni mafundi wa gereji mafunzo na vyeti, ili ujuzi walioupata kwa jasho utambuliwe kwa sheria.

Na kwa viongozi walioingia katika serikali ya kushirikiana madaraka hapa Juba Februari 2020 nina neno moja, nalisema kwa taadhima na kwa ikhlasi. Uchaguzi uliosogezwa hadi Desemba 2026 usihesabiwe kuwa mbio za mtu mmoja kumshinda mwenziwe wa nyumba moja. Asifurahi yeyote kwa kuanguka kwa mwenziwe, hata kama anguko hilo lampa taji, maana wananchi hawatauliza nani alivikwa. Watauliza kama nchi ilifika. Washindeni adui walio mbele yetu sote, ambao ni vita, njaa na ujinga, na taji la ushindi huo liwe la wote.