Uso Usio na Sauti: Mtambo wa Utafutaji na Uhakiki wa Filamu za Muziki

Umezuka mtindo katika tasnifu zetu wa kuhakiki filamu ambayo mhakiki hakuitazama. Huandika jina lake katika mtambo wa utafutaji, akaletewa picha kadhaa na vipande vya video vya dakika mbili tatu, naye akaridhika kwamba ameishika matini. Akisailiwa, hujitetea kuwa intaneti imetukomboa kutokana na makavazi yasiyofikika. Utetezi huu una ukweli wake. Aliyewahi kusaka filamu kongwe kabla ya Google kuanzisha huduma ya picha mwaka 2001, na ya video mwaka 2005, anaijua adha yake. Lakini kukifikia kipande si kuifikia kazi.

Tuchukue Singin' in the Rain, filamu ya mwaka 1952 iliyoongozwa na Gene Kelly na Stanley Donen. Aghalabu mtambo hutanguliza picha ya Kelly akiwa amening'inia kwenye nguzo ya taa, mvua ikimnyeshea. Kutokana na picha hiyo pekee, mhakiki wetu hutangaza kuwa filamu inasifu furaha isiyo na sababu. Sababu zipo, tena mbili: Don ametoka kuagana na Kathy, mpenzi wake, na usiku uo huo wamegundua njia ya kuiokoa filamu yao iliyochekwa na watazamaji, yaani kuigeuza iwe ya muziki. Ngoma ile ni tukio la msuko, si pambo.

Huenda nikajibiwa kwamba wimbo wenyewe ulikuwapo kabla ya filamu, kwa hivyo unaweza kusimama peke yake. Ni kweli ulikuwapo. Ulisikika katika The Hollywood Revue of 1929, na nyimbo nyingi za filamu hii ni za zamani. Hoja hiyo, hata hivyo, inamgeukia msemaji wake. Sisi tuliolelewa na fasihi simulizi tunajua kwamba fanani huweza kuutwaa wimbo unaofahamika na wote akaupachika katika ngano, na papo hapo ukabeba maana ambayo haukuwa nayo. Anayeurekodi wimbo huo na kuiacha ngano hatumwiti mtafiti. (Tulikwisha kuwalaumu wakusanyaji wa kikoloni kwa kosa hilo hilo.)

La ajabu zaidi ni kwamba filamu hii inahusu hasa utengano wa sura na sauti. Usuli wake ni mwaka 1927, wakati The Jazz Singer ilipotikisa filamu bubu. Lina Lamont ana uso unaoabudiwa na sauti inayokwaruza masikio. Kathy humwazima yake, hadi pazia linapovutwa mbele ya hadhira. Nyuma ya pazia hilo mna jingine: katika wimbo "Would You?", ambamo Kathy anamwimbia Lina, sauti si ya Debbie Reynolds bali ya Betty Noyes, na Kathy anapomsemea Lina, tunayemsikia ni Jean Hagen, aliyeigiza Lina mwenyewe. Huduma ya picha itakuonyesha uso wa Reynolds na kunyamaza. Mhakiki anayetosheka nao amekaa miongoni mwa hadhira ya Lina, kabla ya pazia kuvutwa.

Filamu hii ina dakika 103. Mimi sitaitia sahihi tasnifu isiyobainisha mwandishi alitazama ngapi kati ya hizo.